Hela za Tabora: Kilema cha Kuzaliwa na Kovu la Baadaye

Mzee mmoja wa usharika wetu alitujia siku moja baada ya ibada, pamoja na mjukuu wake, akatuomba nafasi ya kusema nasi faraghani. Baba yake mzee huyu, katika ujana wake, alikuwa mtu wa kazi katika karakana ya reli ya Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na habari hiyo twaijua tangu zamani, maana mwenyewe haachi kuisimulia. Alifungua fundo la kitambaa, akaweka mezani hela mbili za shaba ya manjano, kila moja ya thamani ya heller 20, za mwaka 1916. Ya kwanza taji lake lilionekana maradufu, taji juu ya taji, kama aonavyo mtu mwenye kizunguzungu. Ya pili ilikuwa na herufi zilizogeuka, kama maandiko yaonekanavyo katika kioo, nazo zilikuwa zimedidimia ndani ya shaba badala ya kuinuka.

"Mwalimu," alisema, "hii ya pili ndiyo mali. Kijana ameambiwa mjini kuwa ilikosewa kiwandani, wala ya namna yake haiko tena. Hii nyingine imeharibika tu. Labda ni sisi watoto tulioigonga."

Kijana naye alikuwa amekwisha kupatana na jirani yao ampe fedha kwa rehani ya ng'ombe watatu, ili apate nauli ya kwenda Dar es Salaam na posho ya kukaa huko mpaka atakapompata mnunuzi. Ng'ombe wale walikuwa wa babu, nao ndio waliobaki zizini.

Tulimwomba mzee atuachie hela zake kwa siku mbili. Sababu ya kutojibu upesi ni hii. Miaka mingi iliyopita mama mmoja alituletea hela ya namna hii hii, iliyokuwa na mstari mwembamba ulioinuka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati, akauliza kama mstari ule una maana yo yote. Tulimjibu papo hapo kwamba imekwaruzwa. Alikwenda zake, akaitoboa, akamvika mtoto wake shingoni. Baadaye, tulipojifunza kidogo habari za upigaji wa fedha, tulitambua kwamba mkwaruzo hauinuki, na kwamba tulichokiona kilikuwa alama ya ufa wa chombo chenyewe kilichoipiga hela ile. Hatukuiona tena. Na kwa kuwa walimu na wachungaji huletewa vitu vya kale mara kwa mara, kwa sababu tu watu hudhani kwamba ajuaye kusoma kitabu ajua kusoma kila kitu, tumeona vema kuyaandika hapa yale tuliyoyatazama katika siku zile mbili.

Katika mazungumzo ya kila siku, mtu aonaye sarafu yenye kasoro husema ni mbovu, na neno hilo moja hufunika mambo mawili yasiyofanana. Lakini Kiswahili hakikosi maneno ya kuyatenga. Twasema kilema cha kuzaliwa, na twasema kovu. Sarafu huzaliwa dakika ile ipigwapo chapa. Kasoro iliyokuja nayo duniani ni kilema chake. Kasoro iliyoipata baadaye, kwa nyundo, kwa tupa, kwa moto, kwa udongo au kwa kupita mikononi mwa watu, ni kovu. Kilema hutoa habari za karakana na mafundi wake. Kovu hutoa habari za soko, nyumba na kaburi. Zote mbili ni historia, lakini ukimsimamisha shahidi mmoja mahali pa mwenzake, kesi nzima imepotea.

Neno hela lenyewe lastahili kutajwa. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya Kijerumani, iliyopata jina lake kwa mji wa Hall katika nchi ya Swabia. Serikali ya Kijerumani ilipoleta hesabu ya heller hapa mwaka 1904, watu walilitengeneza neno hilo kwa ulimi wao, wakalifanya lao. Heller zenyewe zimekwisha kutoweka sokoni muda mrefu, lakini mtu wa Tanzania asemapo leo kwamba hana hela, maana yake hana fedha ya namna yo yote. Ndugu yake mkubwa ni pesa, neno lililotoka Bara Hindi, nalo lilikuwa likitumika pwani kabla Wajerumani hawajafika.

Sasa tuseme juu ya hela za Tabora. Sarafu za kwanza za Kijerumani katika nchi hii zilitolewa na kampuni, si serikali. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1890 kutoa pesa za shaba na rupia za fedha, na rupia moja ilikuwa na pesa 64. Toka mwaka 1904 serikali ya koloni iliichukua kazi hiyo mikononi mwake, ikaamuru rupia moja iwe heller 100, na rupia 15 ziwe sawa na mark 20. Sarafu hizi zilipigwa Ulaya, katika viwanda vya Berlin na Hamburg, ndiyo sababu huonekana juu yake herufi ndogo A au J. Viwanda hivyo vilikuwa na mashine nzuri na wakaguzi wakali, na rupia ya Berlin yenye kilema cha kuzaliwa ni nadra sana.

Vita vilipoanza mwaka 1914 bahari ilifungwa na manowari za Waingereza, wala hapakuwa na njia ya kuleta fedha mpya kutoka Ulaya. Askari na wapagazi walitakiwa kulipwa, chakula kilitakiwa kununuliwa, na watu, kama ilivyo desturi wakati wa vita, walizificha sarafu walizokuwa nazo. Serikali ilitoa noti za muda zilizopigwa chapa hapa hapa nchini, lakini karatasi haikupendwa kama madini. Basi mwaka 1916, serikali ikiwa imehamia bara, mafundi wa reli waliamriwa kufanya kazi wasiyoizoea, yaani kupiga fedha. Zikatoka aina tatu: heller 5 za shaba ya manjano, heller 20, nyingine za shaba nyekundu na nyingine za shaba ya manjano, na rupia 15 za dhahabu yenye picha ya tembo na milima nyuma yake, ambayo dhahabu yake ilitoka machimbo ya Sekenke. Zote zina herufi T, yaani Tabora. Za dhahabu zilikuwa zipatazo 16,000, lakini zile za heller 20 zilipita milioni moja. Shaba yake ilikuwa ya kuokoteza: maganda ya risasi na ya makombora, na mabaki mengine ya shaba. Kazi hii ilikuwa ya miezi tu, kwa maana tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora.

Fikiri basi: zaidi ya sarafu milioni moja, kwa muda mfupi, katika karakana ya kutengenezea magari ya moshi, kwa shaba iliyochanganyika, kwa vyombo vilivyochongwa papo hapo, na adui anakaribia. Hapana ajabu kwamba hela za Tabora zina vilema vingi kuliko sarafu nyingine zote za nchi hii. Hapana ajabu pia kwamba zina makovu mengi, maana zilipita katika njaa, katika vita na katika kubadilishwa kwa serikali. Kwa hiyo hakuna sarafu ifaayo kuliko hii kwa kujifunza kutenga hayo mawili, wala hakuna inayowadanganya watu zaidi.

Asiyejua jinsi sarafu ipigwavyo hawezi kuhukumu kilema chake. Kwanza shaba huyeyushwa na kufanywa bamba. Kutoka katika bamba hukatwa visahani vitupu. Kila kisahani huwekwa kati ya vipande viwili vya chuma kigumu vilivyochongwa sura ya sarafu kinyumenyume, ambavyo sisi tutaviita mihuri; mmoja uko chini, mwingine hushuka kwa nguvu kutoka juu. Shaba iliyobanwa haina pa kwenda ila kuingia katika mashimo ya mihuri, na hapo ndipo herufi na taji huinuka. Kwa maneno mengine, shaba hutiririka. Haitiririki kama maji, lakini hutiririka, na kilema cha kweli sharti kiwe kitu ambacho mtiririko huo ungeweza kukifanya. Swali la kujiuliza juu ya kila kasoro ni hili: je, mihuri miwili na kisahani kimoja vingeweza kuzaa jambo hili? Kama haviwezi, basi ni kovu, hata likiwa la ajabu namna gani.

Chukua mfano wa mstari tulioukosea. Muhuri ukipasuka, ufa wake ni shimo jembamba; shaba huingia ndani ya ufa, na juu ya sarafu huonekana mstari ulioinuka. Tena ufa huo hubaki katika muhuri, basi sarafu zifuatazo nazo zitakuwa na mstari mahali pale pale, ukizidi kurefuka. Lakini msumari au jiwe likikwaruza sarafu, hulima mfereji, na shaba iliyofukuzwa husimama pembeni kama udongo kando ya mtaro. Ukipitisha ukucha, utausikia mfereji. Yapasa hata hivyo kutazama upande wa pili, kwa kuwa sarafu iliyogongwa kwa ncha nyuma huweza kutoa uvimbe mbele, na uvimbe huo si ufa. Vilevile tumewahi kuonyeshwa mstari ulioinuka ambao ulikuwa lehemu ya sonara tu. Rangi yake haikuwa ya shaba.

Jambo linalowachanganya watu kuliko yote ni kufifia. Hela nyingi za Tabora hazionyeshi taji lote, au neno HELLER limekosa herufi moja au mbili. Je, zilichakaa, au zilizaliwa hivyo? Sarafu iliyochakaa hupoteza kwanza sehemu zilizoinuka zaidi, na hupoteza kidogo kidogo, mpaka inakuwa laini kama jiwe la mtoni. Lakini sarafu iliyopigwa kwa nguvu haba hukosa sura mahali fulani tu, na mahali pengine herufi zake huwa kali kama za jana. Ukiigeuza, utaona aghalabu kwamba upande wa pili, nyuma ya mahali pale pale, nako kumefifia, kwa sababu shaba ya pale ilikuwa nyembamba au muhuri haukulala sawasawa. Na ukitazama kwa kioo cha kukuzia, mahali pasipo na sura hapana ulaini wa kuchakaa. Pana ukali wa bamba lenyewe, na mikwaruzo midogo iliyokuwapo kabla ya kupigwa. Kufifia kwa pande zote mbili mahali pamoja ndiko ushahidi wetu mkubwa, na twawashauri wenzetu wauanzie huo kabla ya mwingine.

Shaba ya kuokoteza haikuchanganyika vizuri, na wakati mwingine ilikuwa na uchafu ndani yake. Basi bamba lilipolazwa, uchafu huo ulitandazwa kama tabaka, na baadaye ngozi ya sarafu hubambuka. Mtu asiyejua husema imechimbwa kwa kisu. Tazama kingo za mahali palipobambuka: kisu huacha ukingo mkali na shaba iliyosukumwa, bali tabaka likibambuka huacha ukingo uliochanika kama gome la mti, tena huelekea upande mmoja na mistari ya bamba. Kama ngozi ilitoka kabla ya kupigwa, utaona herufi zimeendelea hata chini ya shimo. Hilo kisu hakiwezi kulifanya.

Sarafu yenye pengo ukingoni pia ina asili mbili. Fundi akikata visahani bila kusogeza bamba vya kutosha, kisahani kipya huingia katika tundu la kile kilichotangulia, nacho hutoka na pengo la mviringo, kama mwezi ulioliwa. Kisahani hicho kikipigwa, shaba iliyo karibu na pengo hukimbilia kwenye nafasi tupu, na herufi za hapo hunyong'onyea. Hata ukingo unaolikabili pengo, upande wa pili wa sarafu, mara nyingi hufifia kidogo. Lakini mhunzi aliyekata kipande cha shaba kwa haja yake huacha herufi zimekatwa wima, nusu herufi ikiwa imesimama kamili mpaka mwisho, kama nyumba iliyobomolewa ukuta mmoja. Katika pengo la kovu mara nyingi huonekana alama za tupa.

Juu ya matundu hatuna mengi. Heller 5 na heller 10 zilizopigwa Ulaya katika miaka ya mwisho ya Wajerumani zilikuwa na tundu katikati kwa makusudi, na sura yake ilipangwa kulizunguka. Hela 20 ya Tabora haikupewa tundu kamwe. Kila tundu lililo ndani yake ni kovu. Hata hivyo msilidharau. Likiwa limelika upande wa juu, uzi ulipita hapo miaka mingi, na ukitazama tundu liko juu ya taji au juu ya tarakimu, waweza kujua mvaaji alitaka upande gani uelekee watu. Hiyo ni habari ya mila, na mahali pake ni pa heshima, ila si habari ya karakana.

Rangi nayo imewatia wengi hasara. Kwa kuwa hela 20 za shaba nyekundu ni chache kuliko zile za manjano, watu huzitafuta nyekundu. Lakini shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na sarafu iliyolala ardhini muda mrefu, au iliyotiwa tindikali, hupoteza zinki ya juu na kubaki na ngozi nyekundu. Mtu ataapa kwamba ni nyekundu, naye hasemi uongo. Ameona ngozi tu. Tazama mahali palipolika, hasa ukingoni na juu ya taji: manjano yakichungulia pale, jambo limekwisha. Na hapa twasihi, tena kwa nguvu, sarafu za kale zisisuguliwe kwa majivu, mchanga wala ndimu. Mama wa nyumbani aisuguaye hufikiri anaitakasa, kumbe anafuta maandiko yote tuliyoyaeleza mpaka hapa.

Yako mengine ambayo si kilema wala si kovu, nayo huuzwa kama kilema. Katika hela 20 za Tabora, nyingine zina taji kubwa na nyingine taji dogo, na ncha za herufi L katika neno HELLER hazifanani zote. Sababu ni kwamba mihuri ilikuwa mingi, nayo ilichongwa kwa mkono. Ni kama waandishi wawili wa darasa moja. Vivyo hivyo pesa za kampuni ya Kijerumani zina mwaka 1307, 1308 au 1309, na wako walioziona wakasema tarakimu imekosewa, kumbe ni hesabu ya Hijra, nayo yaandamana na maneno ya Kiarabu yaliyo upande ule ule. Reale ya Maria Theresia, iliyojulikana sana pwani, ina mwaka 1780 hata ikiwa imepigwa baada ya miaka mia, maana mwaka ule uliachwa makusudi ili wafanyabiashara wasiikatae. Tena senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zenye jina la Edward wa Nane si kosa la mchoraji: mfalme huyo alitawala kweli, toka Januari hadi Desemba ya mwaka huo, na kwa kuwa sarafu zenye tundu hazikuwa na picha ya uso, jina lake liliwahi kuingia humo. Mwalimu mmoja alitubishia juu ya senti hizo jioni nzima.

Na sasa turudi kwenye hela mbili za mzee.

Tulianza na ile ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyotegemewa. Kipo kilema cha kweli kinachofanana nayo. Pengine sarafu iliyokwisha kupigwa hunasa katika muhuri wa juu bila fundi kujua. Kisahani kifuatacho hupigwa, si kwa muhuri, bali kwa sarafu iliyonasa. Nacho hupata upande mmoja sura ya kawaida, na upande wa pili sura ile ile iliyonasa, imedidimia na kugeuka kama katika kioo. Kilema hicho ni cha thamani, na yaelekea aliyemwambia kijana habari hizi mjini alikuwa amesikia jambo la namna hiyo. Lakini sarafu iliyozaliwa hivyo haina sura nyingine chini ya ile iliyodidimia, kwa sababu kisahani kilikuwa kitupu. Katika hela ya mzee, tulipoitazama juani kwa kioo, chini ya herufi zilizogeuka tuliziona herufi za asili zimepondwa, H na E zikiwa zimelala ubavu kama majani yaliyokanyagwa. Maana yake hela hii ilikuwa imekwisha kupigwa, kamili na nzima, kabla ya kupata herufi za pili. Upande wake wa nyuma sura ilikuwa bapa, imesagwa na kitu kigumu kilichokuwa chini, na ukingo ulikuwa umetokeza tumbo upande mmoja. Mtu aliziweka hela mbili, moja juu ya nyingine, juu ya fuawe au juu ya reli, akazipiga nyundo. Hilo karakana ya fedha haiwezi kulifanya. Mtoto mwenye nyundo aweza.

Ya kwanza ilituchukua muda mrefu zaidi, kwa maana taji maradufu huweza kutoka kwa njia mbili. Muhuri ukilegea katika mashine, huteleza kidogo wakati wa kuinuka, na kusukuma ubavu wa sura iliyokwisha kuumbwa. Hapo huonekana ngazi bapa kando ya kila herufi, na watu huiita kupigwa mara mbili, lakini sivyo. Sarafu iliyopigwa mara mbili kweli huwa na sura mbili zilizo na mwinuko wake kila moja, na ile ya kwanza imelazwa kidogo pale uwanja wa sura ya pili ulipoikanyaga. Tulitazama taji, tukatazama tarakimu 1916, tukatazama herufi T. Kila kitu kilikuwa viwili, na kila kimoja kilikuwa cha mviringo juu, si ngazi. Misalaba miwili ya taji ilisimama mbalimbali. Upande wa nyuma, tarakimu 20 nayo ilikuwa na kivuli chake, umbali ule ule. Nyundo ya mtoto haiwezi kupiga pande zote mbili kwa umbali mmoja, wala haina taji la kupigia. Hela hii haikutoka mashinani mara ya kwanza. Ilisogea kidogo, na muhuri ukashuka tena.

Siku ya tatu mzee alikuja na mjukuu, nasi tukawaambia yote, tukiwashikisha kioo ili wajionee wenyewe. Kijana alikaa kimya. Mzee alitazama herufi zilizopondwa kwa muda mrefu, kisha akacheka kidogo, akasema, "Basi ndiyo hii tuliyoigonga. Kaka yangu alikuwa na nyundo ya reli." Akauliza kama ile ya taji maradufu yathibitisha kwamba baba yake aliichukua mwenyewe kutoka karakana. Hapo tulitamani kumjibu ndiyo, maana tulijua thamani ya jibu hilo kwake. Tulimwambia kwamba hela ile yathibitisha kuwa ilikosewa katika karakana ile, mwaka ule. Lakini kwa haraka ya siku zile hela zenye vilema zilitoka pamoja na nzima, na baba yake angeweza kuipokea sokoni kama mtu mwingine ye yote. Haipingani na habari zake, wala haizitii muhuri.

"Yatosha, Mwalimu," alijibu. "Kutopingana kwatosha."

Kijana aliuliza kama ile ya kwanza yaweza kuuzwa. Tulimweleza kwamba wapo wapendao vitu hivyo na kuvilipia, ila bei yake haifiki nauli ya Dar es Salaam na siku za kukaa huko, na kwamba mnunuzi wa haki hukubali kuonyeshwa picha kwanza. Babu yake hakungoja tumalize. Aliifunga ile ya taji katika pembe moja ya kitambaa, na ile iliyogongwa katika pembe nyingine, akapiga fundo, akamwagiza mjukuu apite kwa jirani amwambie kwamba ng'ombe hawatoki.